Gregor Samsa aliilisha familia yake kwa mapenzi au kwa deni?

Msomaji wa Usiku:
Ndugu wasomaji, nimerudia kusoma hadithi ya Franz Kafka iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1915, inayomhusu Gregor Samsa, mchuuzi wa vitambaa anayeamka akiwa amegeuka mdudu mkubwa. Kinachonisumbua ni kwamba, mara tu anapoona saa imefika kumi na mbili na nusu na treni ya saa kumi na moja imekwisha kumwacha, hofu yake yote inahamia kazini, mwili wake akiuweka kando. Je, wajibu huo wa kuwalisha wazazi na dada yake ulitokana na mapenzi?

Mwalimu Mstaafu:
Naamini ulianza kwa mapenzi. Biashara ya baba ilipoanguka, Gregor alijituma hadi akapanda kutoka ukarani mdogo, akawa anaweka fedha mezani huku nyumba nzima ikistaajabu na kufurahi. Baadaye walizoea, fedha zilipokelewa kwa shukrani, lakini ule uchangamfu wa mwanzo haukuwapo tena. Hata hivyo alikusudia kumpeleka dada yake, Grete, akasomee fidla katika chuo cha muziki, gharama iwayo yote, na kuitangaza habari hiyo mkesha wa Krismasi. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Binti wa Pwani:
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima, mimi naona deni limetangulia. Wazazi wanadaiwa na mwajiri wake, naye amejihesabia miaka mitano au sita kabla ya kuthubutu kuacha kazi. Katika Kijerumani neno moja, *Schuld*, hubeba maana ya deni na ya hatia pia. Ukurasa unaoniumiza zaidi ni ule ambapo Gregor, akiwa nyuma ya mlango, anamsikia baba akieleza kwamba akiba ya biashara ya zamani ipo, pamoja na sehemu ya fedha alizokuwa akileta yeye mwenyewe. Fedha hizo zingeweza kupunguza deni na kuisogeza karibu siku yake ya uhuru, na bado anafurahi kwamba baba alikuwa mwangalifu! Nimeusoma mara nyingi, na kila mara natamani akasirike.

Kifungua Mimba:
Nami ni mtoto wa kwanza, na kila mwezi kuna nyumba inayonisubiri, kwa hiyo hadithi hii siisomi kwa utulivu. Baada ya Gregor kushindwa kufanya kazi, baba anakuwa tarishi wa benki, mama anashona nguo za ndani kwa ajili ya duka, na Grete anauza dukani huku akijifunza Kifaransa usiku. Sisemi walikuwa wavivu, kwa maana hakuwahi kuwaeleza jinsi anavyochoka. Lakini usiku wake wa mwisho anawakumbuka kwa upendo na kukubali, kwa uthabiti kuliko dada yake, kwamba inampasa aondoke, na hapo siwezi tena kutenganisha mapenzi na deni.

Msomaji wa Usiku:
Asanteni sana. Neno "hakuwahi kuwaeleza" limenifanya niufungue tena ule ukurasa wa mlangoni.