Niliyemtaka amejiondoa kabla ya mchujo: nimuunge mkono nani?

Mkaazi wa Pate: Assalamu alaikum. Mgombea niliyemtaka apate tiketi ya chama ya uwakilishi wadi amejiondoa, naye anatuhimiza tumfuate hasimu wake wa jana, ambaye sijamsikia hata siku moja akitaja gati, ilhali maji yakipwa kina mama hukunja mabuibui na kuvuka tope ili kuifikia boti. Aliyebaki ni kijana mwenye hoja, lakini hana watu. Nifanyeje?

Mzee wa Mkomani: Wa alaikumu salaam, mwanangu. Kura yako haikuwa mali yake hata airithishe. Waulize wote wawili habari ya gati, tena barazani mbele za watu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka feri na bandari ndogo chini ya kaunti, kwa hiyo atakayekujibu kwamba hilo ni la Nairobi amekwisha kujieleza.

Binti wa Shela: Shikamoo, mzee. Nakubali, ila hoja bila watu hazipiti mchujo, na huyo aliyejiondoa (sijui kaahidiwa nini) huenda amehesabu hivyo. Kijana akitaka kuwa mgombea huru katika uchaguzi wa 10 Agosti 2027, Kifungu cha 85 kinamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Muulize mapema.

Mkaazi wa Pate: Ahsanteni. Nitaanza na huyo hasimu, kwa kuwa Ijumaa yuko kwetu.