Mchana mtu anajibana, saa 3 usiku anafakamia: ni njaa au ni mawazo?

MizaniTu: Wakuu, swali kwa wanaojua saikolojia ya kula. Mtu anayetaka kupungua uzito anakunywa chai ya rangi asubuhi, mchana hali, anarudi kutoka kazini na msongo wa mawazo. Saa 3 usiku anamaliza chapati 4 na bado anadokoa kiporo. Kesho yake anaapa kutokula kabisa. Wiki 6 uzito uko palepale. Ni njaa, ni hisia, au ni uvivu tu wa kujizuia? Aanzie wapi?

Lishe_na_Akili: Uvivu uondoe kabisa. Anza na njaa, maana wengi huambiwa wanakula kwa hisia kumbe wameshinda na chai tu. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema ya mwili na akili kwa miezi 6. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, kuna waliokula bila kushiba. Njaa ndiyo iliyowabadilisha.

Kwa hiyo wiki 2 za kwanza asipunguze chochote. Milo 3, asikae zaidi ya saa 5 bila kula, na mchana apate protini: kikombe cha maharage, dagaa, au mayai 2, na mboga nusu sahani. Chapati moja ya wastani ni kama kalori 250 hadi 300, kwa hiyo 4 ni kama 1,000 hadi 1,200. Mlo alioukwepa mchana umerudi na riba.

Kalamu_na_Sahani: Kitakachobaki baada ya hizo wiki 2 ndicho cha hisia. Njaa hupanda polepole na hukubali hata ugali na mchicha. Hamu huja ghafla na huchagua: inataka chipsi, au kashata, basi.

Awe na daftari, na aandike kabla ya kula: saa, njaa kwa alama 0 hadi 10, hisia, na wazo lililopita kichwani. Wengi huruka hilo la mwisho, na ndilo lenye kazi. Wazo baya kuliko yote ni "nimeshaharibu, potelea mbali". Watafiti Herman na Mack walilionyesha mwaka 1975: watu wenye mazoea ya kujibana, wakishanyweshwa maziwa matamu mazito, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa aina hiyohiyo ambao hawakunyweshwa. Andazi moja halinenepeshi mtu. Yanayonenepesha ni yale 5 yanayofuata.

Dawa yake: mlo unaofuata uwe wa kawaida, bila kufunga ili kufidia. Na mpango uandikwe mapema, hamu ikishapanda hakuna anayepanga: "Nikirudi nimechoka, naoga kwanza, jikoni baada ya dakika 20." Mpango ulingane na hisia. Mwenye hasira atembee, mpweke apige simu, aliyechoka alale. Kumwambia aliyechoka akimbie mchakamchaka ni kumkomoa.

MizaniTu: Asante, mkuu. Je, anayepanda mizani asubuhi yake akakuta kilo 1.5 zimeongezeka?

Lishe_na_Akili: Hayo ni maji, chumvi, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kilo 1.5 zingetaka ziada ya zaidi ya 11,000 kwa usiku mmoja, na hakuna tumbo la hivyo. Apime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kisha alinganishe wastani wa siku 7 na wa wiki iliyopita. Kama namba ya siku moja inamharibia siku nzima, apime mara 1 kwa wiki.

ZamuYaUsiku: Nyongeza ya kitabibu. Anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi hawezi kuacha, angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, na jambo hilo linamtesa, huenda ana ugonjwa wa kula kupita kiasi (binge eating disorder). Msimpe ratiba ya kupungua. Apelekwe kwa mwanasaikolojia kwa tiba ya kurekebisha mawazo na tabia. Akijitapisha au akitumia dawa za kuharisha, aende hospitali bila kuchelewa: madini ya potasiamu yakishuka mwilini, moyo hupiga ovyo. Muulizeni pia dawa anazotumia, maana prednisolone (ya kutuliza uvimbe na pumu) na olanzapine (ya magonjwa ya akili) huongeza hamu ya kula. Asiziache mwenyewe, azungumze na aliyemwandikia.