Naombeni ushauri: vyote "vinalia" kwa Kiswahili, kwa Kiingereza niseme nini?

Kalamu Tupu
Wakuu, habari zenu. Natafsiri hadithi fupi kwenda Kiingereza, nimekwama kwenye ukurasa mmoja. Ni usiku: mlango unalia, kengele inalia, bundi analia, mwisho mtoto analia. Uzuri wote uko hapo, vinavyolia kwa pamoja. Nikiweka "cry" kote, mlango utaonekana unatokwa machozi. Nikiweka "make a sound", hadithi inapoteza ladha. Kamusi inanipa "creak", "squeak" na "screech", zote imezieleza kuwa mlio mkali. Zinatofautianaje?

Sikio la Tatu
Mkuu, "creak" ni mbao kavu au bawaba isiyo na mafuta ikisogea polepole: mlango, ngazi, kitanda. "Squeak" ni nyembamba na fupi, ya panya au ya soli ya kiatu sakafuni. "Screech" inachoma masikio, kama breki za gari linalosimama ghafla. Kwa hiyo mlango wako ni "creak". Kengele kubwa ikigongwa taratibu, hasa ya msiba, ni "toll". Kikengele kidogo ni "tinkle". Bundi wengi ni "hoot". Sisi tunamtaja anayelia, yatosha. Wao wanataka na namna anavyolia.

Mwalimu wa Zamu
Naongeza: sikiliza herufi zenyewe. Maneno mengi ya "sn" yanakaa puani: "sniff", "snore", "snort", "sneeze". Chuma kikigonga chuma, au glasi ikigonga glasi, utakutana na "cl". "Clink" ni glasi mbili zikigusana, "clank" ni mnyororo mzito, na "clang" inaacha mvumo kwa sababu ya ile "ng" ya mwisho. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliyaita mafungu ya namna hii fonestimu mwaka 1930. Lakini usiifanye kanuni, maana "snow" ni theluji na haina habari na pua.

Hata sisi tunazo tanakali: kaanguka pu, jiwe limetumbukia chubwi. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimezifanya vitenzi kamili, "thud" na "splash", zinanyambuliwa kama vitenzi vingine vyote.

Mpita Njia
Angalia pia neno "sauti". Ya mtu akizungumza ni "voice", ya kukera ni "noise", nyingine yoyote ni "sound". Sauti kubwa ni "loud", si "big". Hafifu ni "faint", si "small". Na "audible" si kubwa, ni inayosikika tu. Mnong'ono unaweza kuwa "audible".

Kalamu Tupu
Asanteni sana, hasa kwa hiyo "audible", nilikuwa naitumia vibaya. Ila bado roho haijatulia. Nikiandika "creaked", "rang", "hooted", "cried", kila kitu kinasimama peke yake. Kile kilio kimoja kimepotea, na hadithi inahusu msiba.

Sikio la Tatu
Sasa nimekuelewa, ndugu yangu. Nilikupa maneno sahihi, lakini hayafai hapo. Tafuta yale yanayotaja mlio huku yamebeba huzuni. Mlango mzito unaweza "groan", sawa na mgonjwa anayeugulia. Upepo na king'ora vinaweza "wail", sawa na mfiwa. "Toll" tayari ni ya mazishi.

Mwalimu wa Zamu
Na kwa ndege "cry" ni halali kabisa, haina machozi. "The cry of an owl" ni Kiingereza safi. Hapo ndipo pa kumuunganisha bundi na mtoto.

Kalamu Tupu
Nimejaribu hivi: "The door groaned. The bell tolled. Somewhere an owl cried, and then the child."

Mpita Njia
"Cried" moja imewabeba wawili. Usiiguse tena.