Balbu ya mota ya mlango wa gereji: LED au ya uzi?

Baba Salma, Minneapolis: Assalaam aleikum wanajukwaa. Balbu ya kwenye mota ya mlango wa gereji yangu imeungua. Kabatini imebaki ya uzi ya wati 60, na dukani nimeona LED ya wati 9. Mke wangu hurudi kazini usiku, nami sipendi ashuke garini gizani. Nifunge ipi?

Fundi wa Columbus: Waaleikum salaam, ndugu. Tueleze kwanza mota ni ya mwaka gani, kifuniko cha balbu kimeziba au kina matundu, na kibandiko kilicho karibu na holda kinaruhusu wati ngapi. Bila hayo tutakuwa tunakisia tu.

Mama Zuhura: Mimi nasema LED. Mota inapovuta mlango hutetemeka, na mtetemo huo ndio unaokata uzi wa balbu za zamani. Isitoshe, tangu Agosti 2023 balbu za kawaida zinazouzwa Marekani zinatakiwa kutoa angalau lumeni (kipimo cha mwanga) 45 kwa kila wati, kiwango ambacho za uzi hazikifikii, kwa hiyo hiyo ya kabatini ikiungua hutapata nyingine kwa urahisi.

Mpemba wa Toronto: Dada, usimharakishe. Mimi nilifunga LED ya bei ndogo mwezi wa Januari. Jioni ya kwanza mlango ulifunguka vizuri, lakini nilipotaka kuufunga nilibonyeza rimoti mpaka kidole kikafa ganzi, theluji ikiniangukia, na mlango haukusogea. Taa ilipozimika yenyewe, baada ya dakika nne na ushei, nilibonyeza mara moja tu ukashuka. Nilibadilisha betri, kisha nikamwita fundi, naye akataka kubadilisha kadi nzima ya umeme. Binti yangu ndiye aliyeifungua balbu ile kwa mkono na kuniambia nijaribu tena, na rimoti ikafanya kazi tangu nilipokuwa barabarani. Saketi iliyomo ndani ya LED duni hutoa kelele za redio zinazofunika mawimbi ya rimoti, ambayo kwa mota nyingi ni megahezi 315 au 390.

Kaka wa Houston: Huenda tatizo lako lilikuwa yale macho mawili ya usalama yaliyo chini kando ya mlango, yanayouzuia kufunga kukiwa na kitu njiani, ambayo sheria ya Marekani inayadai tangu 1993. Vumbi kidogo tu hukataza mlango kufunga.

Mpemba wa Toronto: Hapana, kaka. Macho yakizibwa, hata swichi ya ukutani haifungi mlango kwa kubonyeza mara moja. Yangu iliufunga bila shida taa ikiwa inawaka.

Fundi wa Columbus: Mpemba yuko sahihi. Baba Salma, ukichagua LED, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mota za gereji, na uchomoe plagi kabla ya kupanda ngazi.

Baba Salma: Nashukuruni. Kibandiko kinasema wati 60, na kifuniko ni cha plastiki kilichoziba pande zote. Mwaka wa mota sijauona.

Mama Zuhura: Kama kimeziba, basi soma boksi la LED uone kama inaruhusiwa mahali pasipo hewa, kwa sababu joto likikosa pa kutokea huua saketi yake mapema.

Fundi wa Columbus: Na hiyo ya uzi ya wati 60 itakuwa kwenye kikomo kabisa. Plastiki yenyewe imeanza kugeuka rangi?