Makaa ya mawe au kupasua mwamba: ungelazimishwa kuchagua, kipi kichimbwe jirani na kwenu?

Mtoto wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Jumapili tulikuwa kijiweni Mwanjelwa. Jamaa mmoja aliyewahi kuishi Marekani akatuambia watu wa nyanda za juu tumelala. Tumekalia Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, tunachimbua makaa kama Waingereza wa karne ya 19, wakati wenzetu wanapasua mwamba, wanavuta gesi, hakuna vumbi wala moshi. Wengi wakamwitikia. Mimi nilibisha mpaka chai ikapoa, na bado sijamaliza.

Tuelewane kwanza. Huko kupasua mwamba, wenyewe wanaita fracking, unatoboa kisima kilomita 2 au 3 kwenda chini, unakipindisha kilale ndani ya mwamba, kisha unasukuma maji, mchanga na kemikali kwa nguvu mpaka mwamba uingie nyufa. Mchanga unazuia nyufa zisifumbe, gesi inapanda. Kisima kimoja kinaweza kunywa maji kuanzia lita milioni 6 hadi milioni 60. Sasa hizo lita zilete Usangu, ambako Ruaha Mkuu unakatika kiangazi tangu miaka ya 1990 na mkulima wa mpunga na mfugaji wanagombea tope. Nani ataambiwa apishe?

Makaa sitayapaka mafuta. Mwaka juzi nilipita kwenye machimbo ya zamani, siyataji. Kijito kinachotoka pale mawe yake yote yana rangi ya chungwa, kama bati lililoshika kutu. Nikatia mkono, nikatoka na tope laini la rangi ile ile, likakaa kwenye kucha siku mbili. Ni salfa iliyolala pamoja na makaa. Ikipata hewa na maji inageuka tindikali, na tindikali inayeyusha chuma kilichomo kwenye mawe. Wachimbaji walishaondoka zamani, kijito bado kinashuka hivyo hivyo.

Ila ubaya huo naweza kuunyooshea kidole. Wa kilomita 3 chini ya shamba langu nitauonea wapi? Mimi nachagua makaa.

Fundi Bomba
Mkuu, wewe na huyo jamaa yako wa kijiweni wote mmechanganya. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay ni ya kawaida, imekaa kwenye mawe ya mchanga, ukitoboa inapanda yenyewe. Ukisema "gesi" usimwingize Mtwara kwenye kesi ya wapasua mwamba wa Texas.

Halafu kwenye hesabu ya hewa umepita kimya. Gesi ikizalisha umeme inatoa karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa, haina majivu, zebaki na salfa karibu hakuna. Na vifo je? Hwange, Zimbabwe, Juni 1972: mlipuko mmoja wa mgodi wa makaa, watu 427. Soma, Uturuki, 2014: watu 301. Nitajie kisima kilichopasuliwa mwamba kikazika watu kiasi hicho kwa siku moja.

Mtoto wa Uyole
Sikutajii, hapo umenishika. Lakini hiyo nusu ni ya pale inapochomwa tu. Kabla ya kuchomwa inavuja kwenye visima na mabomba, na methani, ndiyo gesi yenyewe, kwa miaka 20 ya kwanza inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa. Haihitaji kuvuja nyingi, asilimia chache tu na ile faida yako imeliwa.

Babu wa Lwangwa
Ugonile, wajukuu. Mnabishania hewa, mimi nauliza habari ya chini.

Desemba 2009 mlikuwa wapi? Ardhi ilitikisika Karonga, Malawi, wiki nzima na zaidi, ng'ambo tu ya Mto Songwe, na huku Kyela tukatoa magodoro nje. Na mwaka 1910, kabla hata mimi sijazaliwa, Rukwa ilipiga tetemeko la 7.4. Hapa kwetu mabonde ya ufa yanakutana. Mlima Rungwe haukuota kama uyoga.

Huko Oklahoma, Marekani, hawakukaa kwenye ufa kama sisi. Walichofanya ni kuyarudisha maji machafu ya visimani ardhini, kwenye visima vya kutupia. Mitikisiko mingi ilitoka hapo, kuliko kwenye kupasua kwenyewe. Ardhi ikaanza kucheza, na 2016 Pawnee ikapigwa tetemeko la 5.8. Uingereza waliona dogo tu, la 2.9, wakasimamisha kazi mwaka 2019. Sasa nyie mnataka tusukume maji kwenye ufa, na nyumba zetu za tofali za kuchoma, nondo hamna?

Makaa nayo siyashangilii. Baba yangu alikwenda na Wenela, wale waliokuwa wakiajiri watu wa migodi ya Afrika Kusini. Ilikuwa dhahabu, si makaa, lakini vumbi la shimoni halina kabila. Alirudi na redio, blanketi mbili na kikohozi. Redio iliharibika kabla ya kikohozi kuisha.

Semi Tunduma
Shikamoo babu. Pole kwa mzee.

Mimi natafuna hayo makaa kila wiki kwa sababu ndiyo nayabeba. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, makaa ya Ruvuma yaligombewa. Malori yalishuka bandari ya Mtwara usiku na mchana, meli zilikwenda mpaka Uholanzi na Ufaransa. Hao Wafaransa walishapiga marufuku kupasua mwamba kwao tangu 2011, na makaa wanatuhubiria tuyaache. Baridi ilipowabana walipanga foleni. Nilisomesha watoto wawili mwaka ule. Sina la kuomba radhi.

Mama Kakao
Usiombe radhi, kaka, funga turubai.

Nina kibanda barabara ya Tukuyu, nauza ndizi na parachichi. Lori likipita wazi, ule unga mweusi unatua kwenye ndizi mbivu pale palipopasuka ganda. Ukifuta kwa kitambaa unausambaza. Mteja anashusha kioo, anaangalia, anapandisha kioo. Hasara hiyo sijaisikia kwenye hesabu ya mtu yeyote humu.

Na msidhani nachukia makaa. Napikia yale mabonge ya makaa ya mawe ya STAMICO, shirika la madini la taifa, yanakaa na moto kuliko mkaa wa miti, na angalau hakuna mti uliolala chini. Kwa hiyo yachimbwe kidogo, kwa jiko na kwa saruji. Ila kwa umeme? Bwawa la Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Nani bado anataka kuchoma mlima wa Ileje ili awashe taa?

Fundi, nawe nikuulize kama mtu wa maji. Kule Marekani watu walipolalamika kwamba kisima cha nyumbani kimeharibika, waliulizwa: kabla ya kuchimba kilikuwaje? Wengi hawakuwa na kipimo, na kesi zikawa ngumu. Sisi visima vyetu vya Kyela nani amevipima? Leo mtu akija na makaa, gesi au hiyo gesi ya heliamu inayotafutwa Rukwa, tutamwonyesha karatasi gani?

Semi Tunduma
Turubai nafunga, dada. Lililochanika ni la mwenye gari, mimi nafunga lililopo.

Fundi Bomba
Dada, hapo sina jibu, na ndiyo kazi yangu. Tunapima vyanzo vya mradi. Visima vya watu hatuvipimi mpaka mtu alalamike.

Hoja yangu ya hewa siiondoi. Ya kupasua mwamba kwenye ufa naiondoa, babu amenishinda. Karatasi za kupimia tindikali ninazo, zinabadilika rangi ukichovya. Jumamosi nashuka Kyela kwa shughuli zangu. Mtoto wa Uyole, kajaze chupa kwenye kile kijito chako uniletee. Na kila mwenye kisima njiani aweke maji kwenye chupa safi, aandike tarehe.

Mtoto wa Uyole
Nitaleta mbili. Moja ya kijito, nyingine ya bomba la nyumbani, maana nalo silijui.

Mama Kakao
Pitia kibandani. Na uniletee ya kupimia vumbi.

Fundi Bomba
Hiyo sina, mama. Chukua karatasi nyeupe, iweke juu ya meza asubuhi, jiwe kila pembe, jioni uipige picha.