Salmoni wa "daraja la sushi": bei tunalipa, rekodi ya kugandishwa hatupewi

Wakuu, hili la salmoni wa kuliwa mbichi limetuchosha. Samaki mmoja, sanduku moja, anakatwa vipande viwili: kimoja kinauzwa bei ya kawaida, kingine kinabandikwa "daraja la sushi", yaani eti kinafaa kuliwa kibichi, na bei inaruka. Uliza tofauti, unajibiwa "huyu mbichi kabisa, kaingia leo". Hilo si jibu! Mnyoo hai hukaa vizuri tu ndani ya samaki aliyeingia leo.

Sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya hazina kitu kinachoitwa daraja la sushi. Zina masharti ya kugandisha. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inataka -20°C au chini yake kwa siku 7, au samaki agandishwe kwa -35°C hadi awe mgumu kisha akae kwenye baridi hiyo saa 15. Ulaya wanataka -20°C kwa saa 24 au -35°C kwa saa 15, na baridi hiyo ifike kila sehemu ya mnofu, mpaka katikati. Anayesamehewa ni samaki aliyefugwa tangu yai, akalishwa chakula kisicho na vimelea hai. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: kafugwa au kavuliwa baharini? Kama kavuliwa, rekodi ya kugandisha iko wapi?

Kwa salmoni wa porini hakuna mjadala. Anakula samaki wadogo na viumbe vingine wenye lava (wachanga) wa anisakis, mnyoo wa samaki wa baharini, na wapo pia wenye tegu: mwaka 2017 watafiti waliripoti tegu wa Kijapani kwenye salmoni waliovuliwa Alaska. Lava ya anisakis ikijichimbia kwenye ukuta wa tumbo, maumivu makali na kutapika huanza ndani ya saa chache. Ndimu haiui. Siki haiui. Wasabi, kiungo kikali cha Kijapani, haiui. Moshi wa baridi, usiopika samaki, nao hauui.

Wauzaji wengine wanatuambia "kagandishe nyumbani". Friza ya nyumbani huwekwa -18°C, inafunguliwa kila mara, na mnofu mnene huchukua saa nyingi kupoa katikati. Saa zinahesabiwa kuanzia katikati inapofika -20°C, si unapofunga mlango. Bila kipimajoto unabahatisha.

Halafu kuna bakteria wa listeria, ambayo hata kugandisha hakuiui, na inaendelea kuzaliana kwenye friji. Samaki aliyeyeyushwa anauzwa kama hajawahi kugandishwa, anakaa kaunta siku kadhaa, anakatwa kwa kisu na ubao uliopita kwenye samaki wengine ambao hawajasafishwa. Mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu asile kabisa salmoni mbichi, lebo iseme inavyotaka.

Msidanganywe na rangi pia. Wekundu wa salmoni wa kufugwa hutokana na rangi iitwayo astaksanthini kwenye chakula chake. Hata "Superior" ya Norway ni daraja la mwonekano: vidonda, ulemavu, magamba. Haisemi lolote kuhusu vimelea.

Bei? Gharama zipo, nakubali. Ukitoa kichwa, mifupa na ngozi hubaki kati ya nusu na theluthi mbili ya uzito. Ufugaji huchukua miaka 2 hadi 3, kwa hiyo pengo halizibiki haraka. Mwaka 2016 mwani wenye sumu uliua mamilioni ya salmoni huko Chile na soko likapanda. Lakini bei ya jumla ikipanda tunaongezewa mara moja, ikishuka hatusikii kitu. Na nyongeza ya lebo ni ya kazi gani kama hakuna aliyegandisha wala kupima?

Wauzaji mliomo humu, andikeni kwenye kila pakiti: kafugwa au wa porini, nchi, tarehe ya kuchinjwa, kagandishwa kwa baridi gani na saa ngapi, kayeyushwa lini. Asiyeweza kuandika hayo aondoe neno sushi na auze samaki wa kupika, kwa bei ya samaki wa kupika.