Tupeane uzoefu: wewe uliyefika mahali ilikorekodiwa Game of Thrones, ulikuta nini?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Tamthilia ya Game of Thrones ilianza kuonyeshwa mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2019 baada ya misimu 8, lakini maeneo ilikorekodiwa yangali yanatembelewa, na ninajua humu jamvini wapo waliofika kwa masomo, kazi au matembezi. Ningependa tuelezane tuliyoyaona kwa macho yetu, hasa yale ambayo kamera iliyaacha nje. Naanza na mji wa Dubrovnik nchini Kroatia, ambao kuanzia msimu wa pili ndio uliokuwa King's Landing, mji mkuu wa kifalme katika tamthilia.

Niliingia kwa lango la Pile asubuhi na mapema, kabla abiria wa meli za kitalii hawajashuka, na nawashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu jua likishapanda barabara kuu ya Stradun hufurika watu hata kusimama ukatazama jengo huwa shida. Ngazi aliyoteremka Malkia Cersei alipotembezwa uchi mbele ya umati ni ngazi ya Wajesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki), iliyojengwa mwaka 1738 kuelekea kanisa la Mtakatifu Ignatius. Chini yake, hatua chache tu, kuna uwanja wenye soko la asubuhi, na nilimwona bibi mmoja mwenyeji akipanda na kapu la mboga huku wageni wamejipanga katikati ya njia wakipigana picha. Ilimbidi asubiri wamalize ndipo afike kwake. Jambo hilo lilinigusa kuliko ngome zote nilizozitazama siku ile, na nilielewa kwa nini serikali ya mji iliamua kupunguza meli hadi mbili kwa siku, zisizozidi abiria 4,000 kwa wakati mmoja.

Ngome ya Lovrijenac, iliyotumika kama Red Keep, yaani kasri la mfalme katika tamthilia, imekaa juu ya mwamba wenye kimo cha mita 37 kutoka baharini. Juu ya mlango wake kuna maandishi ya Kilatini yasemayo kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote ya dunia. Wenyeji wanayachukulia maneno hayo kwa uzito, kwa maana mji huu ulizingirwa na kupigwa mabomu kuanzia Oktoba 1991, na karibu na lango la Pile ipo ramani inayoonyesha kila paa lililoangukiwa na kila nyumba iliyoungua. Ukipanda ukutani, ambako mzunguko wake ni takriban mita 1,940, utaona vigae vipya vyenye rangi kali vikichanganyika na vile vya zamani vilivyofifia. Kwenye tamthilia paa zile zilionekana kuwa pambo tu la jiji la kifalme.

Kwa wanaopanga safari: Kroatia iliingia katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza ya Schengen inatosha.

Mchangiaji anayeishi Belfast

Nakushukuru, ndugu mleta mada. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika huku Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, na studio kuu ilikuwa hapa Belfast, katika majengo ya eneo la zamani la kuundia meli. Mahali panapoulizwa na kila mgeni wangu ni Dark Hedges, ile njia iliyofunikwa na miti mikubwa iliyopindana juu, ambayo msichana Arya alipitishwa akiwa amevaa kama mvulana. Onyesho lenyewe ni la sekunde chache. Miti hiyo ilipandwa na familia ya Stuart katika karne ya 18 ili kupendezesha njia ya kuingilia nyumbani kwao, na leo imezeeka. Mingine iling'olewa na dhoruba ya Januari 2016, na mbao zake zikachongwa milango 10 yenye michoro ya hadithi ya tamthilia, iliyofungwa katika baa na hoteli mbalimbali. Magari yalikatazwa kupita mwaka 2017 kwa kuwa uzito wake ulikuwa ukiumiza mizizi, na bado nimewaona watu wakiparamia matawi na kuchonga majina yao kwenye magome. Tafadhali, anayekuja asifanye hivyo.

Nyongeza muhimu: ukitokea Dublin kwa basi hutaona mpaka, lakini mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Uingereza.

Mchangiaji wa Malta

Wale waliopanga kuja kuona tao la mwamba walipofungia ndoa binti mfalme Daenerys na Khal Drogo, kisiwani Gozo, wajue halipo tena. Liliporomoka baharini kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Hata hivyo lango la Mdina, mji wa kale wa Malta, lililoonekana katika msimu wa kwanza, lipo vilevile.

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi nilifika Essaouira, Morocco, ambako ndiko Astapor, mji Daenerys alikonunua jeshi la watumwa liitwalo Unsullied. Nilipoona mizinga imeelekezwa baharini juu ya ukuta, na mawe yaliyolika kwa chumvi, nilihisi nimesimama Fort Jesus. Kilichonipendeza ni kwamba mji haujageuzwa jumba la maonyesho: wavuvi wanapakua samaki bandarini, maseremala wanachonga mbao chini ya ngome, na ukiwauliza habari za tamthilia wengine hawajaiona kabisa. Aït Benhaddou, pia ya Morocco, iliyokuwa mji wa Yunkai katika tamthilia, ni tofauti. Ni kijiji cha udongo kwenye njia ya kale ya misafara, na familia nyingi zimehamia ng'ambo ya mto, hivyo ndani utakutana zaidi na wauza bidhaa kuliko wakazi.

Mleta mada

Dada wa Mombasa, ahsante sana. Hilo la wakazi kuhama ningependa ulieleze zaidi ukipata nafasi. Vilevile namsubiri aliyefika Iceland, kwenye pango la Grjótagjá, ambamo sehemu ya onyesho la wapenzi Jon Snow na Ygritte ilirekodiwa. Maji yake yalipanda joto kwa sababu ya volkano ya Krafla iliyolipuka mara kwa mara kati ya 1975 na 1984, watu wakaacha kuoga humo. Atuambie hali ilivyo sasa, na barabara za kaskazini hupitika vizuri miezi gani.